Mwalimu wa Kwetu au Mwalimu Mgeni? Kwa Bodi Inayotafuta Mtu wa Gredi ya 1

Wazazi wamechanga, bodi imekaa, na pesa zilizopatikana zinatosha mwalimu mmoja tu wa gredi za chini. Barua za maombi zikishachujwa, mezani hubaki watu wa aina mbili. Kuna binti wa hapa hapa, aliyesoma shule hii hii, anayejua mtoto yupi analelewa na nyanya yake na yupi huja asubuhi bila kunywa chai. Halafu kuna aliyetoka mbali: vyeti safi, Kiswahili kimenyooka, riwaya mbili kwenye begi, ila lugha ya kijiji haijui hata salamu na atahitaji chumba cha kupanga.

Mjadala hapo huwa mfupi. Upande mmoja husema mtoto wetu asikose kazi nyumbani kwao. Upande wa pili husema tunataka mtu wa Kiingereza, watoto wa shule za kulipia wanatuacha. Ni nadra kusikia mtu akiuliza kitakachotokea siku mtoto wa miaka sita atakapofungua kitabu mbele ya mmoja wao. Hilo ndilo ninalotaka kulipima hapa, nikiwaza shule za umma za Seme na Nyando kule Kisumu, za Bungoma, na za mitaa ya Nakuru.

Kura yangu naitoa mapema ili msomaji ajue anabishana na nani. Kijijini, Gredi ya 1 hadi ya 3, nampa wa kwetu, kwa sharti kwamba ni mtu wa kusoma. Kama si mtu wa kusoma, nampa mgeni anayesoma, na bodi imtafutie nyumba.

Mtoto anapojibu kwa lugha ya nyumbani

Sera ya Kenya hapa iko wazi. Gredi ya 1 hadi ya 3 mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake; mjini, ambako watu wamechanganyika, lugha hiyo huwa Kiswahili. Kiingereza kinachukua nafasi kuanzia Gredi ya 4. Mtaala wa umilisi (CBC), ulioanza kwenye madarasa ya chini mwaka wa 2019, uliurithi utaratibu huo.

Sasa chukua darasa la Seme, ambako watoto huongea Dholuo, yaani Kiluo. Mwalimu anainua picha ya kuku na kuuliza, "Hii ni nini?" Mtoto wa mstari wa nyuma anapaza sauti: "Gweno!" Mwalimu wa kwetu anacheka naye. "Eee, gweno. Kwa Kiswahili ni kuku. Tuseme wote: ku-ku." Kisha anauliza nani ana kuku kwao, na mikono yote iko juu. Mgeni, hata awe mpole namna gani, anasikia sauti tu. Hajui kama mtoto amepata, amekosa au anamtania mwenzake. Atasema "hapana, ni kuku", na mtoto aliyekuwa amepata ataketi akiamini amekosa. Yakiendelea hivyo muhula mzima, mstari wa nyuma utanyamaza, na mwalimu ataandika kwenye ripoti kwamba watoto hao ni wazito.

Hasara hii haifanani kila mahali. Bungoma, Lubukusu ni ndugu wa Kiswahili. Mtoto aliyezoea kusema omundu na babandu hapotei sana akisikia mtu na watu, kwa hiyo mgeni mwenye Kiswahili kizuri anaweza kusonga naye. Dholuo na Kikalenjin si lugha za Kibantu, na ngeli kwa mtoto wa huko ni jambo geni kabisa: kitabu changu, nyumba yangu, meza zangu, kwa nini neno halitulii? Hapo Mluo aliyejifunza Kiswahili darasani kwa jasho ana kitu ambacho hata mzaliwa wa Mombasa hana. Anakumbuka palipomkwaza.

Ila msidhani kila wa kwetu atasema "eee, gweno". Baadhi ya walimu wakali zaidi dhidi ya lugha ya mama ni wa kijiji hicho hicho. Walivalishwa diski shingoni kwa kuongea lugha ya nyumbani, wakavumilia, wakapata cheti, na mpaka leo wanaamini ile diski ndiyo iliyowafikisha. Mwalimu wa namna hiyo ana lugha ya mtoto lakini darasani haitumii, na zaidi ya hapo anamfundisha mtoto kuionea haya. Muulizeni waziwazi kwenye mahojiano: mtoto akikujibu kwa Kiluo, utafanyaje? Akisema atamchapa kidogo ili azoee, mahojiano yamekwisha. Viboko vimekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na hata visingekatazwa, bodi ingekuwa imepata jibu lake.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi hulisahau: kuongea lugha si kuisoma. Walimu wengi wa magharibi mwa Kenya hawakuwahi kufundishwa kusoma wala kuandika lugha zao. Anaweza kukusimulia hadithi ya Lubukusu mpaka usahau chakula jikoni, halafu umpe ukurasa wa Lubukusu akwame mstari wa pili. Kabla ya Tusome, programu ya serikali ya kufundisha kusoma Kiswahili na Kiingereza, kusambazwa nchi nzima, kulikuwa na majaribio ya kufundisha kusoma kwa lugha ya mama, Lubukusu upande wa Bungoma na Kikamba upande wa Machakos. Walimu walipewa vitabu na mafunzo, na watoto walisoma lugha zao vizuri zaidi. Lakini kwa Kiswahili na Kiingereza hawakuwapita wenzao waliofuata programu ya kawaida, na kwenye hesabu walibaki nyuma kidogo. Kwa hiyo anayewaambia kwamba lugha ya mama pekee itainua kila somo anawauzia matumaini. Inachofanya ni kumfungulia mtoto kinywa, na kwa Gredi ya 1 hilo peke yake ni kubwa.

Je, ni mtu wa kusoma?

Hapa ndipo ningetumia muda mwingi wa mahojiano, na ndipo bodi nyingi hazigusi kabisa.

Mwaka wa 2004 watafiti wawili wa Marekani, Anthony Applegate na Mary DeKonty Applegate, waliwauliza wanafunzi wa ualimu kuhusu usomaji wao wenyewe. Zaidi ya nusu ya kundi la kwanza hawakuwa na hamu ya kusoma. Watafiti wakaliita jambo hilo athari ya Petro, kwa yule mtume aliyemwambia ombaomba mlangoni pa hekalu kwamba hawezi kumpa asicho nacho. Huo ni utafiti wa kwao, lakini nani kati yetu hajaona mwalimu ambaye kitabu cha mwisho alichokimaliza ni kile cha mtihani wa chuo?

Mtu ataniambia kwamba siku hizi hilo halina uzito, kwa sababu mwongozo wa mwalimu una kila kitu. Ana hoja. Tusome ilipoanza kitaifa mwaka wa 2015, ililenga kila mtoto wa madarasa ya mwanzo awe na kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza, na mwalimu akapewa mwongozo unaomshika mkono hatua kwa hatua: nafanya mimi, tunafanya pamoja, fanya wewe. Maafisa wa mtaala wakawa wanaingia madarasani na tableti kuona kama yanafanyika. Mwalimu wa wastani aliyefuata mwongozo huo aliweza kuwafikisha watoto kwenye silabi, maneno na sentensi. Mimi simdharau mwalimu wa mwongozo. Nikilazimika kuchagua kati yake na msomaji mahiri anayekuja shuleni siku tatu kwa wiki, namchukua wa mwongozo bila kufikiri.

Lakini keti nyuma ya darasa uwatazame wawili wakisoma ukurasa mmoja. Hadithi ni ya mvulana aliyekwenda ziwani kuteka maji jioni. Mwalimu wa kwanza anasoma sentensi, darasa linaitikia kwa pamoja. Anasoma nyingine, wanaitikia. "Nani alikwenda ziwani?" "Juma!" "Alikwenda kufanya nini?" "Kuteka maji!" Makofi. Mwite mtoto mmoja, funika picha, na uanzie katikati ya ukurasa. Utagundua ameikariri kama wimbo, na kidole chake kiko mstari mwingine kabisa.

Wa pili anasimama kabla ya kufungua ukurasa unaofuata. "Jua linazama. Mngekuwa nyinyi, mngeingia majini saa hiyo?" Darasa la pwani ya Ziwa Victoria halihitaji kuelezwa viboko hutoka saa ngapi, zogo linaanza, kila mmoja ana mjomba aliyewahi kukimbizwa. Anawaacha kidogo, kisha anasema, "Haya, tusome tuone Juma alifanya nini." Sasa wanasoma kwa sababu wanataka kujua. Anafika kwenye neno asilolijua vizuri, anasema, "Hili nami linanitatiza," na anafungua kamusi mbele yao. Kwa dakika nzima watoto hamsini wanamtazama mtu mzima akitafuta. Kitendo hicho hakipo kwenye mwongozo wowote, na asiyesoma hawezi kukifanya, kwa sababu hajui kwamba msomaji mzuri naye hukwama.

Mgeni wetu mwenye riwaya kwenye begi huonekana kushinda hapa. Mara nyingi hushinda. Lakini usomaji wake hufanyika usiku, chumbani, mlango umefungwa. Mtoto anauona saa za darasa tu. Wa kwetu, kama ni msomaji, anaonekana akisoma kijiji kizima: Jumapili anasoma somo kanisani, kwenye mazishi anapewa wasifu wa marehemu ausome, chama cha akina mama kinamtegemea kwa kumbukumbu za mkutano, mzee wa jirani anamletea barua ya kesi ya shamba. Mtoto anayemwona mwalimu wake akifanya hayo anaelewa kusoma ni kazi ya watu wa hapa, kwa mambo ya hapa. Ndiyo sababu nasema wa kwetu anayesoma hana mpinzani, na wa kwetu asiyesoma amepoteza silaha yake kubwa.

Kumjua mtoto alikotoka nako husaidia kwenye usomaji, na Mumias kuna mfano wake. Watoto wengi wa Kiislamu huko wanaingia Gredi ya 1 wakiwa wamepita madrasa. Tayari wanatambua herufi za Kiarabu, isipokuwa wamezoea kuanzia kulia. Mwalimu anayelijua hilo ataona mtoto anayeanzia upande usio wake na kumgeuza kwa maneno mawili. Asiyelijua atadhani mtoto ana tatizo.

Kujua nani msomaji si kazi. Msimuulize kama anapenda kusoma, kila mtu anapenda kusoma siku ya mahojiano. Muulizeni anasoma nini sasa na amefika wapi. Gazeti ni sawa. Biblia ni sawa, Katiba ni sawa, kitabu cha kilimo cha kuku ni sawa. Msikilize kama anaweza kubishana nacho. Anayekaa karibu na Kisumu, Kakamega au Nakuru, muulizeni mara ya mwisho aliingia lini maktaba ya umma, na alitoka na nini.

Ulimi

Hili huzua kicheko, kwa hiyo nitalipitia haraka. Dholuo haina sauti ya sh. Wengine wa Kikuyu huchanganya l na r. Wakalenjin wengi b na p huwachanganya. Lafudhi si dhambi, na bodi inayomkataa mtu kwa lafudhi inajipotezea walimu wazuri. Shida ni pale sauti mbili zinapokuwa moja kabisa mdomoni mwa mwalimu wa Gredi ya 1, kwa sababu mtoto huandika anachosikia. Imla ikisomwa suka na shuka kwa sauti ile ile, nusu ya darasa itakosa na kosa si lao. Mpeni jozi za maneno azisome: suka na shuka, kula na kura, bata na pata. Akitofautisha, endeleeni. Asipotofautisha lakini anajijua, na anaandika neno ubaoni kabla ya kulisema, bado anafaa. Wa kuogopwa ni asiyejua kwamba anachanganya, na hapa wa kwetu yuko hatarini zaidi, maana darasa zima linachanganya kama yeye na hakuna wa kumshtua.

Anawaonaje watoto?

Huko Tennessee, Marekani, katika miaka ya 1980, mradi wa STAR uliwagawa watoto na walimu madarasani kwa bahati nasibu. Thomas Dee alipozichambua takwimu hizo, mwaka wa 2004, alikuta mwaka mmoja na mwalimu wa rangi yako mwenyewe uliinua alama za kusoma na hesabu kwa kiasi cha pointi tatu hadi nne za pasentaili, yaani nafasi tatu hadi nne kwenye orodha ya watoto mia. Watafiti waliofuata wakaona kwamba mtoto mweusi aliyewahi kufundishwa na mwalimu mweusi akiwa mdogo alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kumaliza sekondari na kujiunga na chuo. Maelezo mojawapo yanayotolewa ni matarajio: mwalimu anamwona mtoto kama mtu anayeweza kufika, naye mtoto anamwona mwalimu kama ushahidi.

Kabila la Kenya si rangi ya Marekani, na sitaki kulazimisha. Lakini matarajio tunayajua. Wa kwetu huweza kumtazama mtoto na kuona familia: "Huyu ni wa kwa fulani, hata babake hakumaliza." Ujuzi ule ule unaomsaidia kujua nani hajala ndio unaomfunga asione nani anaweza. Mgeni hana hizo hesabu za ukoo. Anaanza na daftari jeupe, na kuna watoto wanaookolewa na hilo.

Na mgeni anaweza kuwa wa hapo kwa kazi yake. Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko aliyekuwa akifundisha hesabu na fizikia Keriko, shule ya kutwa iliyo kijiji cha Pwani kule Njoro, Nakuru, alipopewa tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka wa 2019, alisifiwa kwa sayansi. Ila alikuwa pia akienda majumbani kwa wanafunzi, sehemu kubwa ya mshahara wake ilikwenda kwa maskini, na alianzisha klabu ya amani kwenye shule ya watoto wa makabila mbalimbali, katika eneo lililoumia kwenye vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007. Mshindi wa aina hiyo hamtampata kila Januari, lakini mgeni anayeuliza "naweza kuwatembelea wazazi?" siku ya mahojiano ameonyesha yuko upande gani.

Atakaa?

Pesa za wazazi ni kidogo. Hata mwalimu wa mafunzo chini ya TSC, tume inayoajiri walimu wa umma, shule ya msingi, amekuwa akilipwa shilingi 15,000 kwa mwezi, na bodi nyingi hazifiki hapo. Wa kwetu analala kwao na kula kwao. Mgeni analipa kodi, na siku TSC ikimwita ataondoka katikati ya muhula. Kwa upande mwingine, wa kwetu ana misiba, ana shamba, ana ng'ombe wa kukamua, na ana shangazi kwenye bodi. TSC ilipoanza mwaka wa 2018 kuwapeleka walimu mbali na makwao, utangamano wa taifa ulikuwa sababu mojawapo. Familia zikatengana, wabunge wakapinga, na sera ikarudishwa nyuma. Pande zote mbili zilikuwa na la kusema.

Basi nani, wapi

Kijiji cha lugha moja, Seme au ndani ndani ya Bungoma: wa kwetu anayesoma. Kama barua za wa kwetu wote hazina msomaji, mgeni, na Bungoma mtapata nafuu kuliko Seme kwa sababu niliyoitaja ya ngeli.

Nakuru mjini, Bondeni au Kaptembwo, swali la wa kwetu halipo. Darasa moja lina Mkikuyu, Mkalenjin, Mgusii, Mluo na Mluhya, na nusu yao wanazungumza Sheng nyumbani. Hapo tafuteni Kiswahili kilichonyooka na masikio ya mtaani: mtu anayesikia Sheng ya mtoto bila kuidharau na kumvusha kwenye Kiswahili cha kitabu. Kabila lake msilitaje kabisa. Mwalimu anayepeana mifano ya jamii yake peke yake mjini Nakuru atagawa darasa kabla ya mapumziko ya saa nne.

Kisumu iko katikati. Nyalenda na Manyatta watoto wengi wana Dholuo na Kiswahili cha mtaani pamoja, kwa hiyo yeyote wa hao wawili anaweza kufaa na usomaji uamue.

Kuanzia Gredi ya 4, msomaji, atoke Lamu au Lodwar. Mtoto ameshafunguliwa kinywa. Sasa anahitaji mtu aliyetembea mbali kwenye vitabu.

Mkishabakiwa na wawili, wapeni wote darasa halisi kwa nusu saa na kitabu cha hadithi ambacho hawajakiona. Wawili wa bodi wakae nyuma. Andikeni mambo matatu tu: alifanya nini mtoto alipojibu kwa lugha nyingine, watoto wangapi walisema kitu ambacho si kurudia, na alifanya nini alipokwama. Mwisho, chagueni watoto watatu muwasomeshe wenyewe, mkipanda kama wafanyavyo watu wa Uwezo, wanaopima usomaji wa watoto, kwenye tathmini zao: herufi, neno, aya, hadithi. Hifadhini matokeo hayo mpaka muhula wa pili, mtayahitaji mtakapokaa kujadili mkataba.

Mkimchukua wa kwetu, barua ya kazi iseme wazi siku za ruhusa ya msiba, na shangazi atoke kwenye kamati inayomsimamia. Mkimchukua mgeni, mlipieni kodi ya mwezi wa kwanza na mpeni mzazi mmoja wa kumfundisha lugha ya hapa: salamu, maagizo ya darasani, majina ya vitu vya nyumbani na vya njiani, kisha maneno ambayo mtoto husema akiwa mgonjwa, akiwa na njaa, na akiwa ameogopa.